Kula Kwanza, Papa Kambale

2 septemba, lundi

Wamenikubali! Nimesoma jina yangu kwenye mulango ya incubateur, ile nyumba inayolea biashara changa, nikatoka inje, nikarudia ndani kuisoma tena kama mutu ambaye kichwa haimutoshi. Solange, sombe ya kukausha. Iko pale, imeandikwa na machine. Watu wengi wa Bunia walituma dossier ya kuomba, wamechagua wachache, na miye na majani yangu niko ndani!

Kazi yangu, mutaa wetu Mbunya nzima wanaijua. Nachuma sombe, majani ya muhogo, nasafisha, napitisha kwa maji ya moto, natwanga, naanika kwa jua juu ya bâche ya plastiki. Ikikauka naiweka mufukoni. Mama anayetoka kazini anaitia maji tu, anaongeza mawese, anaweka kwa moto, na kinu haijaguswa. Wakati wa jua nilikuwa nauza mpaka nakosa ya kuuza.

Programu ni miezi tatu. Tutakuwa na formation, mafunzo, kila mardi, na kila mutu atapewa mentor, mukubwa wa biashara atakayekuya kumutembelea na kumuongoza. Mwisho wa novemba tunasimama mbele ya jury, watu wa kutupima.

Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Alicheza, akanikumbatia, kisha akaweka mikono kiunoni.

"Solange, saison, musimu hii tu. Sombe ikishindikana, Noeli itakukuta Butembo kwa magazini ya yomba yako. Ameshaniambia anakungoja."

Yomba Mumbere ni kaka yake. Anauza nguo ndani ya magazini isiyo na dirisha, na ukikohoa anauliza juu ya nini. Butembo siendi. Nasema hapa, na naandika: siendi!

3 septemba

Mvula.

6 septemba, vendredi

Wametupa mentors. Wangu ni Papa Kambale! Papa Kambale wa depo ya maharagi pale njia ya Lumumba, yule mwenye kofia ya kahawia, yule ambaye kanisani wanamuachia benchi ya mbele ata akichelewa. Nilipiga kelele kidogo. Madame Jeannine, coordinatrice anayetusimamia, aliniangalia juu ya miwani.

"Sikilizeni," alisema. "Mentor haiko mugeni. Mentor ni mutu wa kazi. Mutumikisheni."

Nilipomueleza mama, alishika kifua. "Kumutumikisha nani? Papa Kambale? Huyo Jeannine wenu alilelewa na nani?"

14 septemba, samedi

Amekuya! Kwa miguu, na koti yake ya veste, na parapluie ya mvula, saa ile ile aliyosema. Mama alikuwa ameamka mbele kuku haijaamka, na jike yetu nyeupe haikuona jua tena.

"Karibu, Papa. Kaa. Kula kwanza."

"Aah, Mama Madeleine, nimekuya kuangalia kazi ya mutoto tu."

"Kazi itakimbia? Kula kwanza, Papa Kambale."

Kwetu mugeni mukubwa akiwa na sahani mbele yake, haumuletee maneno ya shida. Unamunawisha mikono, unamuongezea supu, unasimama pembeni. Basi nilimunawisha, nikaongeza, nikasimama. Alikula polepole, mutu wa heshima kabisa. Alipomaliza alipangusa midomo na kuniuliza, "Sasa, binti, kazi inaenda?"

"Inaenda muzuri, Papa."

"Aah bon. Ni vizuri."

Kisha akasimama, akatuombea, akaombea ata mvula iwe mingi na iwe ya baraka, na siye tukasema amina. Akaenda. Saa nzima na Papa Kambale ndani ya nyumba yetu! Mama bado anaeleza jirani. Nilipokuwa naosha sahani tu ndipo nilikumbuka kwamba sikumuuliza ata kitu moja. Haizuru, atarudia.

15 septemba

Mvula ile ya baraka imefika. Sombe yote ya juzi ina harufu. Nimeifukia nyuma ya choo.

24 septemba, mardi

Formation. Nilikaa na Néhémie, kijana anayetengeneza taa za soleil, zinazotumia jua. Maskini! Mentor wake ni ingénieur moja, mwanamuke mukali. Alimuambia taa yake ni mbaya, akamulazimisha kuifungua yote mbele yake, na wakagombana mpaka mulinzi akaja kuchungulia.

"Na wako?" aliniuliza.

"Wangu ni mupole sana. Hajanikosoa ata kidogo."

"Anakuambia nini?"

"Aliomba," nikasema.

28 septemba, samedi

Papa Kambale, mara ya pili. Mama alichinja ile ya madoadoa. Supu, bugali, ndizi, Fanta.

"Kazi inaenda?"

"Inaenda muzuri, Papa."

Nilimuonyesha mufuko wa sombe kavu. Ilikuwa ya mwezi wa saba, ya jua, ile nzuri kabisa. Mama ndiye aliyesema niiweke mbele. Ile mpya, nyeusi, tuliifunika na basini. Nani anaonyesha mugeni chungu kilichoungua?

1 oktoba. Mvula.

2 oktoba. Mvula. Nimeanika ndani ya nyumba, sasa matandiko yetu yananuka sombe. Mama haongei na miye.

5 oktoba, samedi

Habari, habari, habari! Naandika mbio!

Madame Jeannine ametuletea Mama Angélique. Huyu mama anapeleka chakula kwa majiko ya machimbo upande wa Mongbwalu. Ni mutu munene, sauti yake inajaza chumba, na hakai. Alipita kwa kila meza. Kwangu alichukua mufuko wa mwezi wa saba, akafungua, akanusa, akaweka kidogo kwenye ulimi.

"Hii umefanya weye?"

"Ndiyo, Mama."

"Wapishi wangu kule hawana kinu, hawana wakati, na watu wanalilia sombe. Barabara ni siku mbili ikiwa mbaya, majani yanafika yameoza. Miye ntakuwa ndani ya jury. Siku ile uniletee magunia mbili. Lakini ya mvula, umesikia? Ya jua kila mutu anaweza. Ikiwa kavu vile, nachukua kila juma, mwaka muzima."

Mwaka muzima! Nimekimbia kutoka incubateur mpaka nyumba, matope mpaka magotini. Mama aliniona akafikiri kuko vita. Yomba Mumbere, tafuta mutu mwingine!

6 oktoba

Mvula.

12 oktoba, samedi

Papa Kambale, mara ya tatu. Mama alichinja ile iliyokuwa inataga.

"Kazi inaenda?"

"Inaenda muzuri, Papa."

Baada ya bugali alisinzia kidogo kwenye kiti. Nilibaki nimesimama na mutungi wa maji mukononi, namuangalia anavyokoroma. Nje mvula ilikuwa inapiga mabati, na nyuma ya nyumba sombe yangu ilikuwa inaoza chini ya bâche.

15 oktoba. Imeoza.

17 oktoba. Imeoza pia. Nilijaribu juu ya makaa, nusu iliungua, nusu ilibaki maji.

22 oktoba, mardi

Néhémie ameleta taa mpya. Eeh, iko muzuri! Inasimama yenyewe, na ikianguka haivunjike. Ile mambo ya kumufungulisha taa yote, kumbe ndiko walipata kosa. Ana karatasi, na kila mara anaandika swali moja mbele ya kuonana na ule mama mukali. Nilikuwa namuhurumia mwezi muzima. Leo nilimuonea wivu mpaka sikusikia formation.

Na miye? Ukweli, Papa Kambale ananikasirisha. Anakula tu! Mentor ya wengine inafungua taa, yangu inafungua Fanta. Nazani alikubali kazi hii juu ya kuku.

26 oktoba, samedi

Mara ya ine. Nilikuwa nimejipanga. Alipokaa tu, nikasema, "Papa, kuko jambo juu ya mvula…"

Mama alinifinya mukono. "Solange! Mugeni hajanawa! Kula kwanza, Papa Kambale."

Papa alinitazama. Niliona kama anataka kusema kitu. Kisha sahani ikafika, akashusha macho, akala. Alipouliza kama kazi inaenda, mama alijibu mbele sijafungua mudomo kwamba inaenda muzuri sana, Mungu ni mwema.

Kuku imebaki jogoo tu.

8 novemba, vendredi

Nimelia leo. Siku tatu za jua, za kweli, tulipewa juma hii. Nilichuma mpaka mikono ikafanya malengelenge, nikatwanga, nikaanika uwanja muzima. Ilikuwa inakauka! Nilikuwa naigusa na inavunjika vidoleni! Saa tisa mvula ilikuya na upepo toka upande ule ambao kwa kawaida haitokeake, ikabeba bâche, ikamwaga sombe yangu yote kwenye mufereji. Mama na miye tulikimbilia na mabasini tukiokota kwa mikono. Majirani walisaidia. Tuliokota matope.

Tarehe 29 ni jury. Magunia mbili sina. Ata kikombe sina.

Mama alikaa jikoni na nguo zimelowa maji. "Kesho Papa Kambale anakuya," alisema. Na nikamuona anatafuta kisu ya kuchinja jogoo.

"Mama, apana."

"Atakula nini?"

"Mama! Napelekwa Butembo na weye unawaza atakula nini!"

Sijawahi kumupigia mama kelele. Kisha akasema polepole, "Solange, akija akakuta tumekosa, atasema tumekosa. Kula ndiyo kitu niko nayo ya kumupa." Mama ni maskini wa kila kitu isipokuwa mukono wa kupika, na ule anautoa wote.

Kesho sitamungoja nyumbani. Naenda miye.

9 novemba, samedi

Sijue nianzie wapi, na kalamu inakimbia kunipita! Nianzie kwa moto, ile pikipiki ya kulipia.

Nilipanda moto asubui, na basini ya sombe mbovu kwenye magoti. Motard alikuwa anageuza uso upande. "Yaya, umebeba nini, mutu?" Kwa depo kulikuwa na camion inashusha maharagi, watu wanaitana, vumbi, hakuna kiti, hakuna sahani. Papa Kambale alikuwa bila veste, mikono ya chemise imekunjwa. Sikumutambua mara moja. Nilikuwa simujue bila kijiko.

Niliweka basini mbele ya viatu vyake. "Papa, kazi haiendi."

Aliinama. Akaweka mukono ndani ya ule uchafu, akanusa, akapiga chafya mara tatu, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka wabebaji wakasimama na magunia kichwani.

"Mwishowe!" alisema. "Mwishowe, mutoto yangu! Toka septemba niko naingia kwenu na kila mara iko muzuri, Papa, iko muzuri, Papa. Narudia nyumbani, bibi yangu ananiuliza, umemusaidia mutoto na nini? Namuambia, nimemusaidia kumaliza kuku."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini alikuwa amevuta gunia, amenikalisha, na uso wake ulikuwa tofauti.

"Sikia. Miye sijue kukausha sombe. Tangu walinipa jina yako naona haya kukuambia. Nikasema, nitakaa, nitaona, nitapata neno. Lakini sahani inafika, na nikikataa, mama yako atafikiri nimezarau nyumba yake. Nikikula, saa inaisha. Mara ya mwisho niliona unataka kusema. Nilipaswa kusukuma ile sahani. Sikuweza."

Kumbe na yeye! Siku zote hizi tulikuwa wawili tumefungwa na kuku moja.

Basi tulianza kazi, pale pale, watu wakipita na magunia juu ya vichwa vyetu. Hakunipa jibu. Aliuliza tu, kama polisi wa barabara. Nani anakula? Inaharibika wapi? Siku ya kwanza ao ya pili? Jua inafanya nini kwa majani?

"Inatoa joto, Papa."

"Unataka jua ao unataka joto?"

"Joto."

"Sasa katika hii Bunia, nani iko na joto na anaiacha inatoka bure?"

Nilisimama mara moja. Maana nilikuwa nimepita pale asubui ile ile, na basini magotini, na harufu ya mukate ikashinda ata harufu ya sombe yangu. Mama Suzanne! Mama Suzanne, kona ya njia yetu! Anachoma mikate usiku, anamaliza asubui, na ile furu yake kubwa ya matofali inabaki ya moto mpaka saa sita, mulango wazi, paka wamelala mbele yake!

Niliruka. Nilimuacha Papa Kambale amekaa, nikarudia kumusemea aksanti, nikaruka tena. Basini niliisahau kwa depo.

11 novemba, lundi

Mama Suzanne amekubali! "Furu iko inalala bure," alisema. "Lakini ukiunguza mulango wangu nitakuunguza weye." Namupa sombe ya nyumba yake, na namufagilia furu.

Tumeunguza sombe yote ya plateau, sinia ya kwanza. Nilimupigia Papa Kambale mbele sijaifuta, nikamuonyesha kwa simu. "Muzuri!" alisema. "Sasa unajua ni moto kupita kiasi. Utangoja saa ngapi furu ipoe?"

13 novemba

Nimengojea mikate itoke kabisa, nikaacha mulango nusu. IMEKAUKA. Mvula inanyesha tangu asubui na sombe yangu imekauka, kijani, inavunjika! Nimekimbia na sahani mukononi kuonyesha njia nzima.

14 novemba. Mvula. Imekauka.

15 novemba. Mvula kubwa. Imekauka!

19 novemba, mardi

Nimefanya kama Néhémie: natuma swali moja kwa Papa mbele tuonane, na tunaonana depo, tumesimama. Leo tumegombana! Anasema Mama Angélique alisema magunia, basi tumupe magunia.

"Apana, Papa," nikasema.

Sikuamini ni miye. Mubebaji moja aligeuka kuniangalia. Papa Kambale alikunja uso, na niliona ile benchi ya mbele ya kanisa yote ndani ya macho yake.

"Eleza," alisema.

"Gunia ikifunguliwa kule machimbo, kila siku mupishi anatia mukono, unyevu unaingia, juma moja imeoza. Tuifunge mifuko midogo, mufuko moja sufuria moja, na mifuko tuijaze kwenye gunia."

Kisha akamuita mutu wa depo amuletee ile machine ya kufungia plastiki, inayokaa pale bila kazi, akanipa. "Bon. Umenishinda. Kesho tena uniletee nyingine ya kunishinda."

Nilirudi nyumbani nikiimba.

29 novemba, vendredi

Jury. Mvula ilipiga mabati ya salle mpaka micro haikusikika. Néhémie alirusha taa yake chini mbele ya watu wote, ikaendelea kuwaka, salle, ukumbi muzima, ikasimama. Amekuwa wa kwanza, na nimepiga mikono mpaka ikauma. Miye ni wa tatu. Wa tatu hapewi kitu, anapewa picha.

Lakini subiri! Sikuwa nimeshuka vizuri, Mama Angélique akatoka kwa meza ya jury na sufuria niliyopika mbele yao, kijiko bado mukononi.

"Umeanika wapi, na hii mvula?"

"Kwa furu ya mikate, Mama."

"Na ikinyesha mpaka januari?"

"Mama, inyeshe tu."

Alicheka. Akanyanyua mwenyewe gunia moja ya zile mbili, akalitikisa, akasikia mifuko inavyolia mikavu. "Lundi camion yangu inapita. Na kila lundi."

Nilimutafuta Papa Kambale. Alikuwa nyuma, na veste, na kofia mukononi, na machozi. Mama alikuwa ameshatoka inje na simu, chini ya mvula, anapiga kelele mpaka Butembo: "Mumbere! Tafuta mutu mwingine! Mutoto yangu ana kazi!"

7 desemba, samedi

Camion imepita mara ya kwanza. Leo tulimualika Papa Kambale, si kwa kazi, kwa kufurahi. Jogoo bado iko hai. Mama alisema leo mugeni atakula kazi ya mutoto: sombe yetu ya furu, na mawese na makayabo, samaki ya chumvi.

"Kaa. Kula kwanza, Papa Kambale."

Alinawa. Akatia mukono. Akatafuna, akatafuna tena, akaacha kutafuna. Aliniangalia. Akamuangalia mama. Niliona jasho kwenye paji la uso wake. Kisha mutu mukubwa yule akashika sahani na vidole viwili na kuisukuma katikati ya meza.

"Mama Madeleine," alisema, "unisamehe. Iko na muchanga."

Mugeni, na sahani ya mama! Moyo wangu ulikuwa unapiga, na naapa, ulikuwa unapiga kwa furaha.

Mama alivuta sahani. Akaonja. Meno yake yakalia, tukasikia wote.

"Kweli," alisema. "Iko."

Akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na yeye, akaweka viwiko mezani. "Sasa, Papa, kwa mawazo yako, inatoka wapi? Kwa kusafisha, ao kwa ile furu?"

Papa alisema furu. Miye nikasema apana, ni kusafisha, tunaoshea majani karibu sana na mufereji. Mama akasema siye wawili hatujui kitu, ni plateau. Tukapigana maneno, tukaenda kuangalia, tukarudi, tukaanza tena. Mvula ilikuya, ikapita. Chakula ikapoa yote pale mezani, na mama yangu hakumuambia mutu ata moja ale kwanza.